Rimu za 17 kwa Vitz: Historia Haiko Upande Wako

Wasee wa kuweka rimu za inchi 17 kwa Vitz, leo niko na maneno na nyinyi. Si matusi. Ni historia tu, na historia ya rimu za aloi ina jambo moja ambalo mtaani tumeligeuza kichwa chini miguu juu. Hazikuletwa ili gari ipendeze. Zililetwa ili gari iwe nyepesi na breki zipate hewa.

Rudi 1924. Ettore Bugatti alipeleka gari yake mpya, Type 35, kwa mashindano ya Grand Prix kule Lyon, Ufaransa. Enzi hizo gari nyingi za mbio zilikuwa na magurudumu ya spoki za waya, kama ya baiskeli. Bugatti akaja na gurudumu la aluminiamu iliyoyeyushwa na kumiminwa kwa kalibu, spoki 8 bapa, na ngoma ya breki imeshikana nalo kabisa. Ukilitoa, breki unaiona hapo hapo. Na aluminiamu hupitisha joto haraka kuliko chuma. Ndiyo maana sufuria zetu ni za aluminiamu. Siku hiyo hakushinda, tairi zilimsumbua vibaya na Alfa Romeo ikaondoka na ushindi, lakini wazo lilikuwa limeshaingia barabarani.

Sasa hiyo ilikuwa gari ya matajiri. Gari ndogo ya mjini inaingia kwa hii stori kupitia mfereji wa Suez. Mwaka 1956 Misri ilitaifisha mfereji, vita vikazuka, Uingereza ikaanza kugawa petroli kwa kuponi. Wakubwa wa kampuni ya BMC wakamwambia Alec Issigonis achore gari ndogo isiyokunywa mafuta. Mini ikatoka Agosti 1959, urefu wa mita 3 na kitu kidogo, watu 4 ndani. Ili watu watoshe, Issigonis aliminya magurudumu mpaka inchi 10. Inchi 10, buda! Mkokoteni wa Gikomba una tairi kubwa kuliko hiyo.

Shida ikaja walipoanza kuikimbiza. Mini Cooper ya 1961 ilipewa breki za diski mbele, na diski hiyo ilibidi iwe ya inchi 7 ndiyo itoshee ndani ya karimu hako. Kitu kidogo hivyo, ukishuka nacho mlima kwa kasi, kinachemka. Mini zilishinda Monte Carlo Rally 1964, 1965 na 1967, na ni katika miaka hiyo ya 1960 ndipo ilitokea Minilite, rimu ya magnesiamu yenye spoki 8 na nafasi kubwa za hewa katikati. Magnesiamu ni nyepesi kuliko aluminiamu kwa karibu theluthi moja. Tatizo ni kwamba maji na chumvi huila, kwa hivyo gari za kawaida zikabaki na aluminiamu. Na angalia hii: kiwanda kilikaa mpaka 1984 ndiyo kikaipa kila Mini inchi 12, kwa sababu kilitaka diski kubwa zaidi mbele. Sio kwa sababu ya picha.

Ule muundo wa spoki 8 ulipata ndugu yake Japani, RS Watanabe. Kama umewahi kutazama Initial D, ndizo ziko kwa ile Toyota AE86. Na kwa vile gari zetu nyingi ndogo hutoka Japani zikiwa zimeshatumika, ladha ya rimu ilishuka nazo Mombasa. Tukachukua sura, uzito tukausahau.

Ebu tupige hesabu. Vitz nyingi huja na tairi ya 165/70 R14. Ukuta wake wa mpira ni kama milimita 115. Ukiweka 195/45 R16, kimo cha gurudumu lote kinabaki karibu sawa, lakini ukuta unashuka mpaka kama milimita 88. Huko kwa 17 ni mbaya zaidi. Hizo milimita zilizopotea ndizo zilikuwa zinapokea shimo badala ya rimu. Rimu ya chuma ikigonga shimo hujikunja, fundi anaigonga nyundo, unaendelea na maisha. Aloi ya kumiminwa hupasuka. Halafu kuna mtu atakwambia ataichomelea iwe kama mpya. Usikubali. Moto wa kuchomelea huua nguvu ya ile aloi pale pembeni, na nyufa hurudi ukiwa Thika Road na watu nyuma.

Wengi pia hawajui kwamba aloi kubwa ya bei rahisi inaweza kuwa nzito kuliko chuma iliyotoka na gari. Uzito wa gurudumu haubebwi na springi, kwa hivyo kila tuta linauzungusha na kuurusha wote, na injini ya cc 1000 ndiyo inausukuma kila ukitoka kwa foleni. Bugatti angelia.

Mimi sipingi aloi. Kwa Vitz ningeweka 14, nikijishaua sana 15, zilizotumika Japani, zenye alama ya JWL imepigwa kwa chuma chenyewe. Matundu ni 4x100, na hapo ndipo wauzaji hukuambia kila kitu kinaingia. Kinaingia, ndio, lakini shimo la katikati la Vitz ni milimita 54.1, la Honda Fit ni 56.1 na la March ni kama 60. Rimu ya March kwa Vitz bila pete ya kujaza hiyo nafasi inaweza kukaa upande, na usukani utaanza kukutetemekea ukifika 80. Nati nazo ni hivyo hivyo: uzi wa Toyota na wa Nissan si mmoja, usilazimishe.

Na ukienda Kirinyaga Road, beba mizani ile ya kuning'iniza mizigo ya ndege. Pima rimu yako ya chuma nyumbani kwanza, bila tairi, uandike kilo. Kisha pima ile unauziwa. Jamaa wa duka atacheka. Mwache acheke, soma namba.