Habari za Dieppe Zilivyowafikia Wenye Watoto

Wasikilizaji wangu, mara nyingi tusomapo historia ya vita twasoma habari za siku ya mapigano, kisha twafunga kitabu. Jioni hii nataka tuanze pale kitabu kinapofungwa. Nitazungumza juu ya Dieppe, mji wa bandari katika pwani ya Ufaransa, unaotazamana na Uingereza ng'ambo ya bahari nyembamba.

Mwaka 1942 Ufaransa ilikuwa mikononi mwa Wajeremani. Alfajiri ya tarehe 19 Agosti askari kama 6,000 walivuka bahari ili waushambulie mji ule, kisha warudi siku ile ile. Karibu 5,000 walikuwa watu wa Kanada; waliobaki walikuwa Waingereza, pamoja na Wamarekani 50 hivi. Mambo yaliharibika tangu pwani. Vifaru vingine vilikwama katika kokoto, na bombom za Wajeremani ziliwafyeka watu kabla hawajapata pa kujificha. Wakanada zaidi ya 900 walipoteza maisha kwa ajili ya shambulio lile, na 1,946 wakatekwa.

Sasa tazameni jinsi habari ilivyosafiri. Asubuhi ile redio ya London ilisema na Wafaransa, ikawaonya ya kuwa hili ni shambulio la muda tu, basi wasiinuke wakajiponza. Wajeremani wakatangaza ya kuwa adui amejaribu kuingia Ulaya, naye ametupwa baharini. Magazeti mengine ya Marekani yaliandika kwa herufi kubwa ya kuwa askari wao wametua Ufaransa, kana kwamba wale 50 ndio jeshi zima. Taarifa za upande wa Waingereza zilisifu ushujaa, na mafunzo yaliyopatikana, na wingi wa eropleni za adui zilizoangushwa. Baada ya vita ilionekana ya kuwa Wajeremani walipoteza eropleni 48, na Waingereza zaidi ya 100.

Sisemi ya kuwa kila neno lilikuwa la uongo. Ushujaa ulikuwako kweli, wala serikali iliyo vitani haiwezi kumwonyesha adui majeraha yake yote. Lakini kule Kanada walikuwako wazazi wakingoja.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika Septemba magazeti ya Kanada yalijaa majina. Fahamuni ya kuwa vikosi vingi vya Kanada viliandikwa kila kimoja katika mji wake, hata msiba haukutawanyika nchini. Ulianguka mahali pamoja. Kikosi cha Essex Scottish kilikuwa cha mji wa Windsor. Waliondoka watu zaidi ya 550. Waliorudi Uingereza ni kama 50. Hamilton, Toronto na Montreal nayo ilikuwa na vilio vyake. Na katika simu zile neno zito kuliko yote halikuwa "amekufa", bali "hajulikani alipo". Mama aliyepewa neno hilo afanyeje? Akae matanga, au amwekee mwanawe chakula?

Mwandishi mmoja wa magazeti, Ross Munro, alikuwako pwani siku ile, akaona kwa macho yake. Baadaye alizunguka katika miji ya Kanada akiwasimulia jamaa za askari. Miaka mingi ilipopita alikiri ya kuwa, kama palikuwa na habari ambayo alijiona amewapunja watu wa kwao, ni ile ya Dieppe.

Mateka nao hawakusahauliwa, ila kwa ubaya. Wajeremani waliokota amri iliyosema mateka wafungwe mikono. Basi katika Oktoba 1942 wakawafunga mateka wao wa Dieppe. Uingereza na Kanada zikawafunga Wajeremani waliokuwa mikononi mwao, na huko Bowmanville, Kanada, mateka wakaasi. Uingereza na Kanada ziliacha jambo hilo Desemba ile ile. Wajeremani hawakuacha hata Novemba 1943.

Na watu wa Dieppe? London iliwaambia watulie, nao wakatulia. Hitler akawalipa kwa utulivu huo: aliwafungua mateka wa Kifaransa waliokuwa wenyeji wa mji ule. Hiyo ndiyo vita; furaha ya mlango huu na kilio cha mlango ule vilitoka katika siku moja.

Jemadari Roberts, aliyewaongoza Wakanada, aliondolewa mwaka 1943 katika divisheni yake, wala hakupewa tena jeshi la kupigana. Mountbatten, mkuu wa mashambulio ya namna ile, alishikilia mpaka uzeeni ya kuwa funzo la Dieppe liliokoa watu wengi Normandy mwaka 1944. Waandishi wa historia wangali wakibishana naye, ingawa ni marehemu. Mimi naona kwamba funzo lile lingaliweza kununuliwa kwa bei ndogo zaidi.

Tarehe 1 Septemba 1944 Wakanada waliingia Dieppe tena, wala hawakupigiwa risasi, kwa kuwa adui alikuwa amekwisha kuondoka. Siku ya tatu ya mwezi walikwenda makaburini kuwakumbuka wenzao. Walikuwa wamezikwa na Wajeremani kwa desturi ya Kijeremani, na hata leo mawe ya makaburi yale yamesimama safu mbili mbili, yamepeana migongo.