Joto la Nyoka na Mijusi wa Kufugwa

Nyoka, mijusi, vinyonga na kobe hutegemea jua, mwamba na udongo kupasha miili yao. Ndiyo maana asubuhi katika vilima vya Manyovu, mkoani Kigoma karibu na mpaka wa Burundi, mjusi hutulia juu ya jiwe hadi jua lipande. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoa kwa nyuzijoto 6 hivi kila mtu apandapo mita 1,000, hivyo usiku wa Manyovu, iliyo juu ya ziwa, una baridi kuliko wa ufukweni. Mjusi wa porini hujificha kwenye ufa wa mwamba wenye uvuguvugu uliobaki tangu mchana. Aliyefungiwa kizimbani hana ufa wa kukimbilia. Binadamu walichukua muda mrefu mno kulielewa hilo, na wanyama wengi walikufa wakati wakijifunza.

Mwaka 1849 bustani ya wanyama ya London ilifungua jengo la kwanza duniani la kuonyesha reptilia. Watunzaji wa zama hizo waliwafunika nyoka wakubwa kwa mablanketi, na nyoka mmoja alilimeza blanketi lake. Blanketi humfaa mnyama mwenye joto lake mwenyewe, kwa kuwa kazi yake ni kulizuia lisitoke. Nyoka aliyepoa akifunikwa hubaki amepoa vilevile.

Jambo la kushangaza ni kwamba chatu wenyewe walikuwa tayari wameanza kutoa somo kuhusu joto. Mwaka 1841, jijini Paris, chatu wa Asia alionekana akiyaatamia mayai yake na kuyapa joto. Mwaka 1862 chatu wa Afrika aliyafumbata mayai yake huko London, na kipimajoto kilipowekwa katikati ya mikunjo ya mwili wake kikaonyesha joto kubwa kuliko la dume aliyekuwa naye.

Umeme ulileta mageuzi. Joan Procter, mtaalamu wa reptilia, alisanifu jengo jipya la reptilia la bustani ya London lililofunguliwa mwaka 1927. Badala ya kupasha joto ukumbi mzima, vizimba vilipashwa kwa umeme kulingana na mahitaji ya wakazi wake, huku wageni wakipita kwenye ubaridi wao. Kisha mwaka 1944 Raymond Cowles na Charles Bogert wa Marekani walichapisha utafiti wao juu ya reptilia wa jangwani. Walionyesha kwamba mjusi hurekebisha joto lake kwa kuhama: jua likizidi huingia kivulini, akipoa hurudi juani. Hapo ndipo ilipobainika kwamba kizimba chenye joto sawa kila pembe ni kibaya hata kama kipimajoto kinasoma vizuri. Upande mmoja unapaswa kuwa wa moto na mwingine wa baridi, mnyama achague.

Kanuni hiyo hupunguza gharama pia. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa 12 kwa siku hutumia uniti 0.72, yaani karibu uniti 22 kwa mwezi. Kioo hupitisha joto haraka. Mbao hulihifadhi, lakini tundu kubwa la hewa juu ya kizimba hulimwaga kwa sababu hewa ya moto hupanda. Kizimba cha mbao chenye kioo mbele tu, balbu kwenye pembe moja, jiwe chini yake na themostati ya kuizima joto likifika kiwango kilichowekwa, hutosha kwa mijusi wengi. Kinyonga wa milimani huhitaji ubaridi wa usiku, na joto la mfululizo huweza kumuua. Balbu za kizamani, ambazo zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake huishia kuwa joto, Umoja wa Ulaya ulianza kuziondoa sokoni mwaka 2009, na baadhi ya wafugaji wakahamia vipasha joto vya kauri.

Nafuu zaidi ni kumweka mnyama mahali panapomfaa. Kobe wakubwa wa Aldabra walioletwa kisiwani Changuu, Zanzibar, kutoka Ushelisheli mwaka 1919 hawajahitaji balbu yoyote. Mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, anayeishi kwenye mikadi, hakubahatika hivyo. Kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua angalau mijusi 32,310, wengi wakaishia kwenye vizimba vya vioo ng'ambo. Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya mjusi huyo aliyekamatwa porini imepigwa marufuku.

Mwaka 2018 mtafiti Graham Alexander wa Afrika Kusini alieleza namna chatu wa kusini, jamii inayopatikana Tanzania pia, anavyolea. Jike hutaga ndani ya shimo la muhanga, ngozi yake hugeuka nyeusi ili inyonye jua upesi, naye huota jua hadi mwili ukaribie nyuzijoto 40, kisha hurudi shimoni kuyazunguka mayai na kuyapa joto hilo. Mayai yakianguliwa, huwatunza watoto kwa wiki mbili hivi. Ni vigumu kizimba kuufikia ustadi huo, na kwa sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2009, kumfuga chatu huyo Tanzania bila kibali ni kosa.