Tarehe ya Soko la Matrah na Haki ya Watu wa Unguja

Soko la Matrah limezaliwa na bandari. Akikwambia mtu kwamba lilijengwa na babu yake, mwambie atoe hati. Maskati, mji wa ngome na wa serikali, ulikuwa upande wa pili wa majabali, na milango yake ikifungwa usiku. Biashara ilikuwa Matrah, kwa sababu misafara ya ngamia kutoka bara ilitelemkia hapo, na vyombo vilipata mahali pa kutia nanga. Tende zikashuka, mchele na nguo zikapanda.

Kwanza vilikuwa vibanda vya udongo na makuti. Vikasongamana, vichochoro vikawa vyembamba, jua likakosa pa kupenya, na mchana kweupe watu wakatembea na taa. Ndiyo maana likaitwa Suku al-Dhalam, yaani Soko la Giza. Leo lina paa la mbao na taa za umeme, lakini jina halijatoka midomoni.

Watu wa soko ni wengi: Mabulushi wana mtaa wao wa Jibru, nao wamefanya kazi nyingi za mji. Waajemi pia wapo. Malawati wana Sur al-Lawatia, mtaa wenye ukuta ulio ubavuni mwa soko, nyumba zake zimeelekea bahari, na zamani mgeni hakupita lango lake. Ni matajiri wa tangu hapo, wala hawahitaji kalamu yangu kuwasifu.

Mabanyani nao wana kisa, na sitakipita hivi hivi. Wareno waliitwaa Maskati mwaka 1507 chini ya Albuquerque, wakakaa hata 1650. Mwanahistoria wa Oman, Salil bin Razik, ameandika kwamba kamanda wao, Pereira, alimtaka binti wa mfanyabiashara wa Kibanyani aitwaye Narutem. Baba alikataa. Alipoona atalazimishwa, akakubali kwa ulimi na kuomba muda wa kutayarisha harusi. Katika muda huo akamtia kamanda maneno: maji ya ngomeni yameoza, ngano imeharibika, baruti imechacha, bora vitolewe vyote viwekwe vipya. Vikatolewa. Vipya havikuja. Narutem akampelekea habari Imam Sultan bin Saif, na Maskati ikaingiwa siku ya Jumapili, Wareno wakiwa wamelewa. Wako wasomi wanaosema hii ni ngano tu. Mimi naipokea kama ilivyopokewa, maana harusi imetumika kuangusha miji mingi kuliko mizinga.

Tuendelee. Imam mwingine wa ukoo ule ule wa Yaarubi akaitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, na tangu hapo haiwezekani kuandika tarehe ya Matrah bila kuandika ya pwani yetu. Hapa ndipo ninapogombana na wale wanaosema kuwa watu wa Unguja walikuja sokoni juzi tu, tena kama wakimbizi waliokuja kununua.

Sayyid Said bin Sultan alitawala pande zote mbili tangu 1806 hata alipofia baharini mwaka 1856, akitoka Maskati kwenda Unguja. Alihamia Unguja mwaka 1832, wengine husema 1840. Mwaka huo wa 1840 merikebu yake Sultana, chini ya Ahmad bin Naaman, ilifika New York na tende za Oman, karafuu na pembe za ndovu za kwetu, na mazulia ya Kiajemi. Shehena moja, merikebu moja, bwana mmoja. Nani atatenganisha hesabu hiyo?

Waliokuja kuitenganisha ni Waingereza. Mwaka 1861 iliamuliwa kati ya wana wawili wa Sayyid Said: Majid abaki na Unguja, Thuwaini abaki na Maskati, na Unguja ilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Kiasi hicho chenyewe ni ushahidi. Tajiri alikuwa nani, na aliyetegemea alikuwa nani? Meli za moshi zilipozidi, majahazi ya Matrah yakapungua, na soko likadhoofika kwa muda mrefu.

Baada ya Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 wengi walikimbia, na Sultan Qaboos aliposhika nchi mwezi wa Julai 1970 aliwaita Waomani walioko nje warudi. Wakaja wenye elimu na lugha yao ya Kiswahili. Lakini kofia zao zilikuwa zimetangulia zamani.

Kofia ndiyo kesi yangu kubwa. Kumma anayovaa Muomani kila siku ni kofia ya viua ya pwani yetu. Mwanamke huchora ua juu ya kitambaa cheupe, hutoboa tundu, huzungusha uzi kwa sindano, tundu baada ya tundu, hata wiki zikapita. Kuna vijana wanaoshikilia kuwa imeanzia hapo hapo Oman. Waende Unguja, Pemba na Lamu wakawatazame mabibi barazani. Ukiinunua Matrah, iinue kwenye taa, uchungulie upande wa ndani. Ya mkono viua vyake vina mwanga safi na uzi umefungwa vizuri. Ya mashine huonyesha nyuzi zilizoburutwa kutoka ua hadi ua. Muuzaji anayejua atakuona unajua, na bei itashuka kabla hujasema neno.

Vingine nitavisema kwa ufupi. Ubani bora ni hojari ya Dhofar, punje nyeupe zinazoelekea rangi ya kijani, na wenyewe huuroweka na kunywa maji yake. Ule mwekundu ni wa bei ndogo, unatosha chetezo. Reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa imeandikwa 1780, na zote zimeandikwa hivyo hata zilizopigwa miaka mingi baadaye, basi asikuuzie mtu umri. Halua onja kwanza. Wauzaji wengi sasa ni watu wa Kerala, Bangladesh na Pakistan, wala usishangae ukijibiwa Kiswahili na mzee aliyekaa nyuma. Anza kwa salamu, ndipo uulize bei. Saa saba mchana maduka hufungwa hata alasiri, na Ijumaa asubuhi utakuta milango mingi imefungwa. Mvua ikishuka milimani, maji ya wadi hupita katikati ya vichochoro, basi usibaki kuangalia vikuku.

Mizigo ya biashara ilihamishiwa bandari ya Sohar mwaka 2014, na Matrah sasa hupokea zaidi meli za watalii. Watalii watapewa hadithi ya kofia kama muuzaji atakavyo. Kwa hiyo nawaomba jamaa wa Maskati, Unguja na Pemba: mwenye daftari za majahazi, barua za mizigo au kofia ya bibi yenye jina la aliyeishona, asizitie motoni wala asiwauzie wageni. Zipigwe picha, ziandikwe majina ya mabibi hao, kila mmoja na mtaa wake, kabla waliowajua hawajatutoka.