Mahadhi Nje ya Ukurasa: Taaluma ya Muziki na Uhakiki wa Ushairi wa Kiswahili

Mwaka 1885 msomi wa Kiaustria, Guido Adler, alichapisha makala iliyopambanua mawanda, mbinu na lengo la taaluma ya muziki. Katika mpango wake taaluma hiyo haikusimama peke yake. Aliiwekea elimu za kuiauni, zikiwamo historia ya jumla, elimu ya hati za kale, historia ya fasihi, sarufi na arudhi. Kwa maneno mengine, mwanataaluma wa muziki alitakiwa tangu mwanzo ajue namna ubeti unavyopimwa. Sharti la upande wa pili, yaani mhakiki wa ubeti ajue namna unavyoimbwa, halikusisitizwa kwa kiasi hicho. Na katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili upungufu huo umeleta madhara yanayostahili kuchunguzwa.

Haikuwa kwa kukosa kukumbushwa. Waraka uliotolewa Nairobi tarehe 24 Oktoba 1968 na Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, uliitazama fasihi simulizi kama uwanja wa taaluma nyingi: isimu, historia, anthropolojia, falsafa na nyinginezo. Muziki umo katika orodha hiyo. Hata hivyo, nyimbo zilipoingia darasani, aghalabu ziliingia kama maneno tu. Zilinukuliwa, zikafasiriwa, zikachambuliwa tamathali na dhamira zake. Sauti, pale iliponaswa, ilibaki kwenye kanda.

Chanzo cha tatizo ni cha zamani zaidi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, yalihifadhiwa kwa jitihada za Mwalimu Sikujua na Mwingereza W.E. Taylor, kisha yakachapishwa na W. Hichens mwaka 1940. Waandishi wa hati za mwambao, kwa herufi za Kiarabu, waliandika maneno, wakagawa vipande na kuvitenga vina. Mahadhi hawakuyaandika. Msomaji wao hakuhitaji kuandikiwa jambo alilolijua kwa sikio. Msomaji wa kitabu kilichopigwa chapa alirithi maneno bila ya sikio hilo, na si ajabu kwamba alianza kuamini kuwa alichokosa hakikuwapo.

Tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo ndizo zinazoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Edward Steere alichapisha baadhi yake mwaka 1870, na toleo la kitaaluma lililokusanya tungo nyingi zaidi likatoka Ujerumani mwaka 2004. Majina ya bahari zinazokutwa humo, kama vile gungu, mavugo na utumbuizo, yamefungamana na ngoma na shughuli kabla ya kuwa istilahi za mhakiki. Utumbuizo hasa humtatiza mwenye kuhesabu. Mishororo yake haina idadi moja ya mizani, na kwa macho huonekana kama utungo uliolegea. Lakini sauti huweza kuivuta silabi moja ikachukua nafasi ya tatu, na huweza kuzikusanya silabi nyingi katika pigo moja. Kiswahili Sanifu na lahaja nyingi za Kiswahili hazipambanui maana kwa toni, hivyo mwimbaji ana uhuru ambao mwenzake wa Kigikuyu au Kijaluo hana kwa kiwango hicho. Suala la uhusiano wa toni za lugha na mwendo wa wimbo lilijadiliwa na A.M. Jones katika utafiti wake wa Kiewe, uliochapishwa mwaka 1959. Hapo isimu, arudhi na muziki haviwezi kutenganishwa ila kwa kudhulumu kimojawapo.

Kwa mtazamo huu, mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970 unasomeka upya. Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi ni wimbo na lisiloimbika lina kasoro. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na Mulokozi na Kahigi walipotoa Kunga za Ushairi mwaka 1979, ubishi ulikwishahamia kwenye vina na mizani. Hoja ya Abedi kuhusu kuimbika, ambayo ndiyo ya kimuziki hasa, ilitetewa na kushambuliwa kwa hesabu ya silabi. Laiti wahakiki wangalianzia kwenye utumbuizo unavyoimbwa, pengine wangaligundua kwamba kuimbika na usawa wa mizani ni mambo mawili.

Wanahistoria walithubutu zaidi. Terence Ranger aliandika mwaka 1975 historia ya Beni, ngoma iliyoanzia mwambao wa Kenya katika miaka ya 1890 na kuenezwa, pamoja na njia nyingine, na askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kitabu chake, ni kweli, kina mengi kuhusu vyama na ushindani wao kuliko kuhusu sauti zenyewe. Laura Fair, mwaka 2001, alizitumia nyimbo za Siti binti Saad kama ushahidi wa maisha ya watu wa kawaida wa mjini Unguja, ambao sauti zao ni adimu katika nyaraka za serikali ya kikoloni.

Siti, aliyezaliwa Fumba mnamo 1880 na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, alirekodi Bombay mwaka 1928. Santuri ya wakati ule ilichukua takriban dakika tatu kila upande. Wimbo ulioweza kunyooshwa usiku kucha kwa kurudia, kujibizana na kuwatunza waimbaji ulilazimika kukatwa au kugawanywa pande mbili. Mhakiki anayenukuu maneno kutoka santuri hizo na kuhesabu beti zake anahesabu pia uamuzi wa fundi wa mitambo. Kuitambua alama ya mkato huo katika matini ni kazi ya uhakiki wa matini kama ilivyo kulinganisha hati mbili za utenzi mmoja, nayo haifanyiki bila ya mtu anayejua taarabu ya wakati ule ilivyoanza, ilivyojibiwa na vyombo, na ilivyokoma.