Kofa: mawe kumi kwa mwaka

Mwaka 1896 mtafuta madini Charles Eichelberger aligundua dhahabu katika milima mikavu ya kusini-magharibi mwa Arizona, Marekani. Mgodi ukaitwa King of Arizona, na mali ya kampuni ikapigwa chapa ya "K of A". Kutokana na chapa hiyo, milima yenyewe ikaja kuitwa Kofa.

Jirani yake, North Star, ulianza miaka kumi baadaye. Wachimbaji walifuata mishipa ya kwatzi iliyojengeka zamani sana, maji ya moto yalipopenya nyufa za miamba ya volkeno na kuacha madini humo. Lakini dhahabu iliyokuwa na faida ilikwisha upesi. King of Arizona ulifungwa 1910. Watu waliondoka, mashimo yakabaki, na hadi leo ni hatari: mbao zimeoza, hewa ndani ni mbaya, na nyoka hujificha humo kukwepa jua. Mgeni yeyote anayepiga hema karibu nayo anapaswa kuyatazama kwa mbali.

Kilichoipa milima hiyo maisha mapya ni kondoo wa porini wenye pembe kubwa zilizojikunja. Kufikia miaka ya 1930 walikuwa wamepungua mno. Mwaka 1936 vijana wa skauti wa Arizona walianza kampeni ya kuwaokoa, wakiungwa mkono na mzee Frederick Russell Burnham. Huyu si mgeni kabisa katika historia yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuja Kenya kutafuta madini kwa niaba ya kampuni ya Waingereza, na msafara wake ndio uliowapelekea wenye mitaji habari za utajiri wa magadi katika Ziwa Magadi. Wamaasai walilijua ziwa hilo tangu zamani, na neno "ugunduzi" haliwatendei haki. Linalonigusa ni kwamba mtu aliyetumia miaka mingi kutafuta mali ardhini, uzeeni alisimama kutetea mnyama asiyempa hata senti. Januari 1939 serikali ya Marekani ilitenga hifadhi ya Kofa, na leo ina ukubwa wa ekari 665,000 hivi.

Ndani ya hifadhi hiyo kuna kilima kiitwacho Crystal Hill, na hapo ndipo wapenzi wa mawe wanaporuhusiwa kuokota. Masharti ni makali: kila mtu mawe 10 au ratili 10, yaani kilo nne na nusu, kimojawapo kikitimia kwanza, katika kipindi cha miezi 12. Hakuna kuchimba, na sururu haina kazi. Unaokota kilicho juu ya ardhi tu: vipande vya kwatzi angavu, vingine vikiwa na rangi ya kijani ndani yake. Kupiga kambi kunaruhusiwa hadi siku 14 kwa mwaka, ila si ndani ya mita 400 kutoka mahali wanyama wanapokunywa maji, kwa kuwa kondoo akiona watu kisimani huweza kurudi na kiu yake.

Mwendo mfupi kaskazini upo mji wa Quartzsite, ambako maonyesho makubwa ya mawe yalianza 1967. Majira ya baridi maelfu ya watu, wengi wao wastaafu, huja na magari yao ya kulala, wakanunua, wakauza na kubadilishana vito. Huko jiwe lina bei. Kule Crystal Hill halina, na mimi naona sheria ya mawe kumi ndiyo iliyokisalimisha kilima kile, maana kingekuwa wazi kwa sururu kingekwisha kama dhahabu ya jirani yake.

Kwa kuwa hakuna ruhusa ya kuchimba, kazi hiyo huachiwa mvua. Kila dhoruba ikizoa udongo mteremkoni, kwatzi nyingine hujitokeza, na wazoefu hulenga kufika mvua ikishakatika, asubuhi jua likiwa bado chini, wakati kila kipande angavu kinameta.