Kinyago cha gazeti, kinyago cha Mmakonde
Wasee wa maigizo hapa Kinondo, mnabandika gazeti kwa gundi ya unga halafu mnashangaa mende wamekula kinyago. Tumieni gundi ya mbao, na vanishi ipakwe hadi ndani panapolowa jasho.

Lakini mafundi wenyewe ni majirani zetu. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashamba ya mkonge na miwa, huchonga sanamu kwa mpingo, mgumu na mzito. Lipiko, kinyago cha ngoma cha kuvaa kichwani, kwa desturi yao ni cha mti mwepesi: shingo ya mchezaji kwanza. Kwangu hiyo ndiyo akili. Na hao hao walikaa Kenya miaka mingi bila kitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipofunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia. Tuliwaita wageni, huku sanamu zao tukiwauzia watalii Diani.