Ndoo ya Shangazi na Dawa ya Maji

Marehemu shangazi yangu hakunywa maji ya bomba siku yalipochotwa. Aliyalaza ndooni usiku kucha, yamefunikwa kitambaa tu, ili "dawa itoke." Sisi watoto tulimcheka. Kumbe jambo hilo hilo la dawa kutoka limewasumbua wataalamu kwa miaka mingi.

Nchini Marekani, mji wa Jersey City ulianza kutia klorini katika maji yake yote mwaka 1908, na miji mingine ikafuata. Homa ya matumbo ikarudi nyuma. Hiyo ni neema, wala sitaki mtu anielewe vibaya leo.

Mwaka 1974 mkemia wa idara ya maji ya Rotterdam, Uholanzi, Johannes Rook, alionyesha kwamba klorini ikikutana na mabaki ya majani na mimea iliyooza majini huzaa klorofomu. Mwaka 1976 Wamarekani wakatangaza kuwa klorofomu nyingi iliwaletea panya saratani. Mwaka 1979 wakaweka kikomo: mikrogramu 100 kwa lita, klorofomu na ndugu zake watatu kwa pamoja.

Lakini klorofomu ni mmoja tu katika ukoo mkubwa. Kemikali za namna hiyo zilizokwisha kutambuliwa ni mamia. Je, zote kwa pamoja zinamfanya nini mnywaji? Hapo ndipo kazi ilipokwama. Kila moja ni chembe tu ndani ya lita, na panya hawezi kunywa pipa zima kwa siku. Ikabidi maji yakolezwe.

Ukichemsha mchuzi upungue, chumvi hubaki na harufu nzuri hujaza jirani pua. Maji ni vivyo hivyo: klorofomu huruka na mvuke. Wengine wakayapitisha maji katika punje za resini zinazonasa kemikali, kisha wakaziosha punje hizo kwa asetoni. Kilichopatikana wakakijaribu kwa bakteria, kwa kipimo cha Bruce Ames wa Chuo Kikuu cha California. Kwa njia ya namna hiyo, katika miaka ya 1980, wataalamu wa Ufini walikuta majini kemikali iitwayo MX, kali sana kwa bakteria hao. Hata hivyo resini nayo hunasa inachoweza; kilichopita kimepita. Wengine walitumia utando unaozuia karibu kila kitu, lakini huo hurundika hata chumvi, na chumvi peke yake humdhuru panya.

Maabara za Shirika la Mazingira la Marekani zikageuza utaratibu, na mimi naona hapo walitumia akili. Walikoleza kwanza uchafu wa asili wa maji, zaidi ya mara 130, ndipo wakatia klorini, ili vile vinavyoruka vizaliwe humo humo. Panya wakanywa, wakazaa. Watoto wao hawakufa kupita kawaida. Majike yalichelewa kidogo kupevuka, na mbegu za madume zilipungua kiasi.

Nikimkumbuka shangazi, najua alikuwa na haki nusu: klorofomu ilitoka kweli ndooni. Lakini klorini nayo ilitoka, na asubuhi kila mtoto alichovya kikombe chake humo, mkono haujanawa.